Mwongozo Kamili: Kuanzisha Kikundi cha Kuwasaidia Wagonjwa wa Parkinson Mombasa, na Kushiriki Katika Utafiti

Barua tunazopokea kutoka Mombasa kuhusu jambo hili hufanana sana. Jamaa wa wagonjwa wa Parkinson hukusanyika, huchagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, huagiza fulana na bango, humwalika mgeni rasmi, na baada ya miezi michache kikao hubaki na viongozi peke yao. Anayeandika barua huwa ameshakata tamaa, na huwalaumu wenyeji kwamba hawapendi vikundi. Lawama hiyo si ya haki, kwa kuwa wenyeji hao hao huendesha vyama vya akiba na vya mazishi miaka nenda miaka rudi. Kinachovunja vikundi vya wagonjwa ni kwamba hupangwa kumridhisha mfadhili ambaye hajatokea, huku mgonjwa aliyepo akishindwa kupanda ngazi za ukumbi uliokodiwa.

Maelezo haya yanahusu Parkinson, lakini familia inayomtunza mtu mwenye Alzheimer, au ugonjwa mwingine unaoharibu seli za ubongo polepole, inaweza kuyafuata isipokuwa sehemu ya dawa. Yasomeni yote kabla ya kuanza, kwa sababu wengi wanaoshindwa hufanya hatua zote zinazotakiwa, ila kwa mpangilio uliogeuzwa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Watu wazima wasiopungua kumi wenye vitambulisho vya taifa, na angalau nusu yao wawe wagonjwa wenyewe au watu wanaoishi nao nyumba moja.
- Daktari au afisa wa kliniki mmoja aliyekubali kujibu maswali ya kikundi. Si lazima awe mwanachama, na ni bora asiwe mwenyekiti.
- Mfamasia aliye tayari kulipwa na kikundi moja kwa moja kwa dawa iliyoandikwa na daktari.
- Chumba cha ghorofa ya chini chenye viti vya mikono, choo cha kukaa na mlango mpana.
- Madaftari matatu yenye majalada magumu: la mahudhurio, la fedha na la mahitaji ya wagonjwa.
- Laini moja ya simu ambayo ni ya kikundi, isiyokuwa ya mtu.

Fulana, bango, tovuti na ofisi havimo katika orodha hii, na havitahitajika mwaka wa kwanza.

Hatua ya 1: Tafuteni wagonjwa kabla ya kutafuta cheti

Wagonjwa wengi hawajulikani hata kwa hospitali. Katika utafiti wa nyumba kwa nyumba uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2008, wengi wa waliokutwa na Parkinson hawakuwa wamewahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wana ugonjwa huo. Hakuna sababu ya kudhani kwamba Kisauni au Likoni hali ni tofauti: mzee huanza kuburuta mguu, sauti hufifia, mwandiko hupungua ukubwa, uso hukosa tabasamu, na watu wa nyumbani husema ni uzee au kwamba amefanyiwa kitu.

Anzeni kwa wafamasia, kwani anayeuza levodopa, dawa kuu ya Parkinson, humfahamu kila anayeinunua. Msimwombe majina. Mpeni karatasi yenye nambari ya kikundi aiweke ndani ya mfuko wa dawa, mgonjwa aamue mwenyewe kupiga simu. Kisha nendeni kwenye idara ya mazoezi ya viungo katika Hospitali Kuu ya Rufaa ya Pwani na katika hospitali za kaunti ndogo, na mwisho muombe nafasi ya tangazo fupi msikitini na kanisani. Tangazo linaloeleweka linaweza kuwa hivi:

"Je, nyumbani kwenu kuna mtu ambaye mkono wake hutetemeka akiwa ametulia, au ambaye mwendo na sauti yake vimepungua bila kupooza? Huenda ni ugonjwa wenye dawa ya kumpunguzia dalili. Tunakutana Jumamosi asubuhi, bila malipo. Njooni na mtu anayemtunza."

Tahadhari: kikundi kisimpime mtu. Kutetemeka kuna sababu nyingi, zikiwemo tezi ya shingo na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili na za kutapika, na si kila mwenye Parkinson hutetemeka. Daktari huutambua ugonjwa huu hasa kwa historia ya mgonjwa na uchunguzi wa mwili, kwa hiyo kazi yenu ni kumfikisha huko. Vilevile msimkejeli mtu aliyeanzia kwa mganga. Mkimtahayarisha kikao cha kwanza, hamtamwona cha pili.

Mtajua hatua hii imekamilika mkipata familia saba au nane ambazo zimepiga simu zenyewe.

Hatua ya 2: Pangeni kikao kwa kufuata mwili wa mgonjwa

Ijumaa ina sala ya adhuhuri na Jumapili ina ibada, hivyo Jumamosi saa nne asubuhi ndiyo huwafaa wengi. Saa hiyo ina faida nyingine: msongamano wa asubuhi kwenye kivuko cha Likoni umepungua. Mtu mwenye Parkinson anaweza kuganda miguu ghafla mahali penye mlango mwembamba, mteremko au umati unaomsukuma, na kivuko kina vyote vitatu. Wanaotoka ng'ambo wapewe mtu wa kuvuka nao, na ikiwa idadi yao ni kubwa, kikao kimoja kati ya viwili kifanyike Likoni.

Kuanzia Januari hadi Machi joto la Mombasa huwalemea zaidi. Wagonjwa wengi hushukwa na shinikizo la damu wanaposimama, wakaona kizunguzungu na kuanguka, kwa hiyo maji ya kunywa yawe tayari na kila mmoja aambiwe akae kidogo pembeni mwa kiti kabla ya kuinuka.

Sasa chakula, ambacho ndicho kinachosahauliwa. Mahamri kwa mbaazi na chai ya maziwa ni ukarimu wetu, lakini protini ya mbaazi na maziwa hushindana na levodopa katika utumbo na tena katika kuingia ubongoni. Si wagonjwa wote wanaoathirika, ila aliyeathirika atakaa kikao kizima akiwa mkakamavu kisha aseme kikundi kinamchosha. Anayemeza kidonge chake saa nne apewe maji kwanza, na chakula kiandaliwe baada ya nusu saa au zaidi. Anayechafukwa na moyo anaweza kula kipande cha mkate mkavu pamoja na dawa.

Kikao kiwe cha saa moja na nusu. Nusu saa ya mwisho watenganisheni walezi na wagonjwa. Mke hawezi kusema mbele ya mumewe kwamba hajalala vizuri kwa muda mrefu, wala mzee hawezi kusema mbele ya binti yake kwamba anaona aibu kuogeshwa naye. Mlezi aliyechoka akiacha kuja, hakuna atakayemleta mgonjwa. Kwa maoni yangu nusu saa hiyo ndiyo hukifanya kikundi kidumu.

Dalili ya mafanikio ni mlezi kubaki mlangoni akizungumza na mwenzake baada ya kikao kwisha.

Hatua ya 3: Fundisheni dawa, msigawe dawa

Parkinson hutokea seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha ubongo kuongoza mwendo wa mwili, zinapokufa. Levodopa hugeuka kuwa dopamini ikifika ubongoni, na kabidopa inayochanganywa nayo huizuia isigeuke njiani. Dawa hii hupunguza dalili. Haijathibitishwa kuwa inasimamisha ugonjwa. Hayo yaelezwe na mtaalamu wenu katika vikao vya mwanzo, kwa Kiswahili, bila haraka, na maswali yaruhusiwe.

Jambo la kwanza la kusisitiza ni saa. Ugonjwa ukikomaa, kidonge kilichocheleweshwa huweza kumfanya mtu ashindwe kugeuka kitandani. Kila mgonjwa aandikiwe saa zake kwenye karatasi ibandikwe ukutani, na simu ya mlezi iwekewe kengele.

La pili ni nguvu ya kidonge. Kuna vidonge vyenye miligramu 100 za levodopa na vingine vyenye miligramu 250, na jina la sandukuni linaweza kuwa lile lile. Duka likiishiwa na aina moja likatoa nyingine, mgonjwa anaweza kumeza zaidi ya mara mbili ya kipimo chake bila kujua. Wafundisheni walezi kusoma nambari kabla ya kutoka dukani.

La tatu ni kuacha ghafla. Levodopa ikikatwa kwa mkupuo inaweza kuleta ukakamavu mkali na homa inayohatarisha maisha. Kwa sababu hiyo mazungumzo ya Ramadhani yaanze mwezi wa Shaaban, mgonjwa akiwa na daktari wake, na si usiku wa kuandama mwezi. Wapo ambao ratiba yao inaweza kupangwa kati ya futari na daku, na wapo ambao haiwezekani kabisa. Ruhusa ya mgonjwa kutofunga imo ndani ya Kurani yenyewe, na imamu akilieleza hilo kikaoni husikilizwa kuliko daktari.

La nne ni dawa zinazodhuru. Metoklopramidi, ambayo wengi huijua kwa jina la Plasil na hupewa mtu anayetapika, huzuia dopamini na kumzidishia mgonjwa ukakamavu. Haloperidoli, inayotolewa kwa mtu aliyechanganyikiwa, hufanya hivyo hivyo. Kila mwanachama abebe kadi ya mfukoni yenye jina la ugonjwa, dawa zake na saa zake, na maneno haya: "Tafadhali usinipe metoklopramidi wala haloperidoli kabla ya kuwasiliana na daktari wangu." Kadi kama hiyo hugharimu karibu na bure, na kama kikundi chenu kingefanya jambo hili moja tu mwaka mzima, bado kingestahili jina lake.

Kuhusu upupu: mbegu zake zina levodopa kweli, kwa hiyo anayeziuza kama dawa ya kutetemeka hasemi uongo mtupu. Hatari iko hapo hapo. Kipimo kilichomo kwenye kijiko cha unga hakijulikani, na mgonjwa anayeongeza unga huo juu ya vidonge huweza kupata mienendo ya mwili asiyoweza kuizuia, au kuona vitu visivyokuwapo. Anayeutumia asigombezwe, ila amweleze daktari wake.

Tahadhari kubwa ya hatua hii: msikusanye vidonge vilivyobaki kwa marehemu au kwa aliyebadilishiwa dawa ili kuwagawia wengine. Nia ni njema, lakini hamna leseni, hamjui vilihifadhiwaje katika joto hili, na kipimo cha mmoja si cha mwingine. Mwenye shida alete karatasi ya daktari, kikundi kimlipe mfamasia, na risiti ibandikwe daftarini.

Hatua ya 4: Sasa andikisheni

Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022 inataka wanachama wasiopungua kumi, na usajili hufanywa kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo yenu, iwe Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe au Jomvu. Andaeni katiba, kumbukumbu za kikao kilichoamua kusajili na kuchagua viongozi, na orodha ya wanachama yenye nambari za vitambulisho, simu na sahihi. Ada na fomu muulize ofisini siku ile ile, maana hubadilika. Cheti kina muda wake, kwa hiyo tarehe ya kukihuisha iandikwe kwenye jalada la daftari.

Maombi mengi hurudishwa kwa sababu majina ya katiba, ya kumbukumbu na ya orodha hayalingani na vitambulisho. "Mwanaisha" wa kikaoni akiwa "Aisha" kwenye kitambulisho, andikeni Aisha kila mahali.

Katiba iseme wazi mambo matatu ambayo violezo vya kawaida huyaacha: kwamba mgonjwa anaweza kupiga kura kupitia mlezi aliyemteua kwa maandishi, kwamba habari za ugonjwa wa mtu hazitolewi nje bila ridhaa yake, na kwamba kikundi si chama cha mazishi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na picha ya mzee akitetemeka iliyosambazwa kwenye WhatsApp ili kuvuta huruma ni kosa hata kama walioisambaza ni familia yake.

Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyoanza kutumika tarehe 14 Mei 2024, itawahusu mkitaka kuwa shirika la kitaifa. Kwa sasa ipiteni.

Hatua ya 5: Tenganisheni fedha

Fungueni akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu, wawili kati yao wakihitajika kila mara, na wasitoke nyumba moja. Michango ya simu iingie kwenye nambari iliyounganishwa na akaunti hiyo. Mkitaka kuchangisha hadharani, sokoni Kongowea au barabarani, ulizeni kwanza ofisi ya Naibu Kamishna wa Kaunti kuhusu kibali.

Ndani ya daftari muwe na mifuko mitatu. Tuseme harambee imeleta shilingi 60,000: 42,000 ziende kwa wagonjwa, yaani dawa, nauli na vifaa kama fimbo na kiti cha choo, 12,000 ziende kwa uendeshaji, 6,000 zihifadhiwe kwa utafiti. Viwango mtachagua wenyewe, lakini vitangazwe kabla ya mchango, kwa sababu mtu aliyetoa akidhani ananunua dawa ya jirani yake hukasirika akisikia pesa imetumwa maabara.

Zaka isichanganywe na mifuko hii. Wanaostahili kuipokea wametajwa katika dini, na utafiti au kodi ya ukumbi ni mambo ambayo mtoaji hakuyakusudia. Ifungulieni ukurasa wake, na mfuate maelekezo ya imamu kuhusu nani apewe.

Mazishi ndiyo yanayoviua vikundi hivi kuliko wizi. Wanachama wengi ni wazee, na kila msiba huleta shinikizo la "tutoe kidogo", hadi mfuko wa dawa unakauka. Watu wachange msibani kutoka mifukoni mwao. Sanduku la kikundi lisiguswe. Kulisema hilo mbele ya wafiwa ni kugumu sana, na ndiyo sababu liwe limeandikwa kwenye katiba kabla hajafa mtu.

Msisahau misaada iliyopo tayari. Hakikisheni kila mwanachama amejiandikisha na SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na wale ambao ugonjwa umewapunguzia uwezo wa kufanya kazi wapelekwe kupimwa kwa ajili ya usajili wa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.

Mafanikio hapa yanapimika: mweka hazina anasoma hesabu kwa sauti kila kikao, risiti zikipita mikononi, na kikao hakisimami kwa maswali.

Hatua ya 6: Utafiti, kwa kiasi chenu

Kikundi cha mtaa hakiwezi kugharamia maabara, na kisiahidi hivyo. Kinachoweza kutoa ni watu wanaoelewa wanachokikubali, jambo ambalo watafiti hulikosa.

Elezeni sababu. Kwa muda mrefu tafiti za jeni za Parkinson zilitegemea zaidi watu wenye asili ya Ulaya. Mwaka 2023 watafiti, wakitumia sampuli za washiriki wakiwemo mamia kutoka Nigeria, walitangaza badiliko katika jeni ya GBA1 linalohusishwa na hatari ya Parkinson kwa watu wenye asili ya Afrika, na ambalo karibu halionekani kwa Wazungu. Lisingegunduliwa bila Waafrika kushiriki. Upo pia mradi wa TraPCAf unaochunguza hali na matibabu ya Parkinson katika nchi saba za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo.

Mtafiti akija, katibu amwombe barua ya kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayoruhusu utafiti nchini, kisha aulize: damu itahifadhiwa wapi, itatumiwa kwa jambo jingine lolote, nani atalipa nauli, mshiriki akijitoa sampuli yake itafanywa nini, na matokeo yatarudishwaje hapa kwa Kiswahili. Mtafiti wa kweli hukasirishwa na maswali haya mara chache sana. Fomu ya ridhaa isomwe nyumbani, isitiwe sahihi siku ile ile, na ambaye kumbukumbu zake zimepungua awe na jamaa pamoja naye.

Tahadhari: anayedai ada ili mgonjwa aingizwe kwenye majaribio ya "tiba ya seli" hafanyi utafiti, anauza kitu. Hadi sasa hakuna tiba iliyothibitishwa kuponya Parkinson.

Fedha za mfuko wa utafiti zikifika kiasi cha maana, zitumeni mara moja kwa mwaka kwa taasisi iliyo tayari kuwapa risiti na maelezo ya matumizi. Tarehe 11 Aprili, Siku ya Parkinson Duniani, inafaa kwa kutangaza kiasi hicho.

Hatua ya 7: Kila kiti kiwe na watu wawili

Ugonjwa huu huendelea. Mwenyekiti aliye na sauti leo huenda mwakani asisikike, na katibu ambaye ni mlezi anaweza kutoonekana kwa muda mgonjwa wake akianguka. Kwa hiyo kila nafasi iwe na naibu anayejua neno la siri la simu, mahali daftari lilipo na jina la afisa wa benki. Naibu aendeshe kikao kimoja kati ya vitatu hata kama mwenye kiti yupo na ni mzima.

Mgonjwa anapojiuzulu asifutwe katika orodha. Aendelee kupigiwa simu kabla ya kila kikao, na akishindwa kuja, wanachama wawili waende kwake na daftari la mahitaji, waandike kilichopungua, na waondoke kabla hajachoka.